Rungwe au Kitulo: Kuchagua Mlima wa Kupanda Kipupwe Kinapoingia

Kwa vipimo vya urefu peke yake, hakuna cha kuchagua. Mlima Rungwe una mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na Mtorwi, mlima ulio ukingoni mwa uwanda wa Kitulo, una mita 2,961; kwa mita hiyo moja tu Mtorwi ndio unaohesabiwa kuwa mrefu kuliko yote ya kusini mwa Tanzania. Yote miwili hupandwa kwa miguu, bila kamba wala vifaa vya kukwea miamba, na yote miwili inafikika kwa gari kutoka Mbeya mjini. Hata hivyo, anayepanga safari mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, wakati mvua zinapokatika na kipupwe kinaingia, anachagua kati ya baridi mbili zisizofanana, na maandalizi yanayomfaa kwenye mlima mmoja yanaweza kumponza kwenye mwingine.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa mtu asiye na uzoefu, Kitulo ndiko kwa kuanzia msimu huu, ingawa ndiko kunakoganda. Rungwe, ambako kipimajoto mara nyingi husoma nyuzi kadhaa juu ya sifuri, ndiko kunakodai tahadhari kubwa zaidi, na sababu yake ni maji.

Baridi kavu na baridi ya maji

Kuanzia Mei upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki, hushika nguvu katika nyanda zetu zote za juu. Kabla ya kuufikia Rungwe, upepo huo hupita juu ya Ziwa Nyasa na kuchukua unyevu, kisha hukutana na mlima uliosimama kaskazini mwa ziwa na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa huachia maji iliyoyabeba. Ndiyo maana miteremko ya kusini-mashariki ya Rungwe hupata mvua inayokaribia milimita 3,000 kwa mwaka, ilhali upande wa kaskazini hupata karibu nusu ya hiyo. Wakazi wa Tukuyu, mji ulio chini ya mlima huo, hawahitaji kuambiwa kwamba Mei bado ni mwezi wa mvua nzito kwao, na kwamba hata Juni na Julai, wakati Usangu vumbi limeshaanza kupaa, manyunyu hayakosekani. Mpandaji wa Rungwe katika majuma hayo hutembea ndani ya wingu, na wingu ni maji.

Kitulo hali ni nyingine. Uwanda wenyewe uko kwenye mita 2,600 hivi, hauna miti ya kuufunika, na usiku wa Juni anga likiwa tupu ardhi hupoteza joto lake lote kuelekea juu, hata nyasi zikapata sakitu, yaani umande ulioganda, kabla ya alfajiri. Wakulima wa viazi na pareto wa Makete wanaifahamu sakitu kwa hasara inayowaletea. Mpandaji ataifahamu kwa namna nyasi zinavyovunjika chini ya buti, na kwa zipu ya hema inayokataa kufunguka mpaka ipuliziwe pumzi. Saa tatu asubuhi, jua likishapanda, yote hayo huyeyuka, na kufikia adhuhuri mtu hutembea na shati tu huku jua likimchoma shingo. Jua la uwandani lisidharauliwe kwa sababu ya ubaridi wa hewa. Kwa mwinuko ule linaunguza ngozi haraka kuliko mjini.

Kuhusu makadirio ya joto, kanuni inayotosha kwa mpangaji safari ni kwamba joto la hewa hupungua karibu nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo asubuhi ambayo mjini kuna nyuzi 8, karibu na mita 3,000 kutakuwa kwenye sifuri au pungufu, na hapo upepo haujahesabiwa. Tofauti ya milima hii miwili haimo katika hesabu hiyo. Imo katika jambo lingine: maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi zaidi ya hewa kavu, na mtu aliyelowa katika nyuzi 8 penye upepo yuko hatarini kuliko mtu mkavu katika nyuzi 2 chini ya sifuri. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 dalili huanza kuonekana kwa wenzake kabla ya yeye mwenyewe kuzitambua: kutetemeka kusikokoma, kushindwa kufunga kamba za viatu, ulimi kuwa mzito, kujikwaa mahali palipo sawa, na ubishi usio wa kawaida. Mtetemeko ukikoma ilhali mtu bado amelowa na baridi haijapungua, hiyo si nafuu. Ni ishara kwamba mwili umeanza kushindwa. Avuliwe nguo za maji, avishwe kavu, akingwe na upepo, apewe chai yenye sukari nyingi iwapo anaweza kumeza vizuri, na safari ya kileleni iishie hapo. Ulanzi au konyagi ya kujipasha moto haifai, kwa kuwa pombe hutanua mishipa ya damu ya ngozini, mtu akahisi joto wakati ule ule anapolipoteza.

Mavazi

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu watu hufungasha nguo nzito na kudhani uzito ni joto. Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zinavumilika Kitulo siku ya jua, mradi mtu hajavuka kijito vibaya. Rungwe ni nguo za kuachwa nyumbani kabisa, kwa kuwa pamba hunywa maji, hugandamana na ngozi na haikauki mpaka mtu arudi Tukuyu. Sufu hutunza sehemu ya joto lake hata ikilowa, na vitambaa vya sintetiki kama vya nguo za michezo hukauka haraka. Vyote hivyo hupatikana kwenye mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa anayechambua kwa subira na kusoma lebo ya ndani, pasipo haja ya kuagiza chochote Dar es Salaam.

Kwa Rungwe kitu cha kwanza ni koti la mvua lisilopitisha maji kweli, lenye kofia, pamoja na suruali yake. Si kwa ajili ya mvua peke yake. Katika ukanda wa mianzi, hata siku isiyo na tone, kila mwanzi ulioinama njiani umebeba maji ya wingu la usiku, na anayeugusa kwa bega humwagiwa shingoni; baada ya nusu saa ya kupita humo, mtu asiye na koti amelowa sawasawa na aliyenyeshewa. Nguo kavu za akiba, soksi zikiwemo, zifungwe ndani ya mfuko mnene usiopitisha maji katikati ya begi, zisiguswe mpaka zinapohitajika. Wapo wanaozivaa mapema kwa sababu wanahisi baridi, nazo zikalowa kabla ya kilele, na hapo akiba imekwisha.

Kwa Kitulo kitu cha kwanza ni kukinga upepo, na kwa anayelala huko, usiku wenyewe. Koti jembamba la upepo juu ya sweta mbili hufanya kazi kuliko koti moja zito, kwani asubuhi mtu huanza na zote na kupunguza moja moja jua linapopanda, kabla jasho halijamlowesha. Kofia ya sufu na glavu ni za lazima. Mfuko wa kulalia uwe wa nyuzi za chini ya sifuri, na chini yake pawe na godoro jembamba la sponji, kwa sababu ardhi hunyonya joto la anayelala hata kama juu amejifunika vizuri. Mahali pa hema nako kuna siri yake: hewa baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji na kutuama mabondeni, hivyo pale chini karibu na kijito, panapopendeza mchana, ndipo penye sakitu nene kuliko kote. Hema lipigwe juu kidogo ya bonde.

Jiko la mkaa lisiingizwe hemani wala katika chumba cha nyumba ya wageni kilichofungwa, hata kama mhudumu mwenyewe ndiye anayelileta kwa ukarimu. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kila kipupwe nyanda za juu husikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke.

Njia na viatu

Rungwe hupandwa zaidi kutoka pande mbili, ule wa kusini na ule wa Isongole, unaofikiwa kutoka barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu. Kwa msimu huu sioni sababu ya kuchagua kusini. Isongole iko upande uliokingwa na upepo wa ziwa, njia hukauka mapema, na wingu likishuka huchelewa kufika huko. Kwa upande wowote mtu hupanda zaidi ya mita 1,000, kwanza ndani ya msitu mnene, kisha mianzi, kisha vichaka vifupi na nyasi mpaka kwenye kingo za kreta. Udongo ni wa volkano. Ukilowa huteleza, na mizizi iliyokatiza njia huteleza zaidi. Kupanda si taabu kubwa. Taabu ni kushuka, saa saba au nane baada ya kuondoka, magoti yakiwa yamechoka na kila hatua ikihitaji kufikiriwa. Buti zenye meno marefu ndizo zinazofaa, pamoja na fimbo. Gambuti za shambani hazipitishi maji, na wenyeji hupanda nazo bila wasiwasi, lakini mguu usiozizoea hucheza ndani na kuchubuka kisigino.

Mtorwi, kwa anayeanzia uwandani, ni mwinuko wa mita 350 hivi tu, katika nyasi zilizo wazi. Hata raba nzuri zinatosha siku kavu, isipokuwa asubuhi mapema, wakati mawe na magogo ya vijitoni yana utando mwembamba wa barafu usioonekana. Busara ni kunywa chai kwanza na kulisubiri jua. Hatari ya kweli ya Kitulo ni ukungu. Unapoingia uwandani, na Juni mpaka Agosti huingia mara nyingi, hakuna mti wala mto mkubwa wa kumwonyesha mtu alikotoka, vilima vyote hufanana, na njia za ng'ombe ni nyingi kuliko za watu. Rungwe njia ni moja na msitu umekushika pande zote; kupotea hutokea, lakini si rahisi. Kitulo mtu anaweza kutembea saa nzima akiwa na uhakika kamili, akielekea kusiko. Ramani ipakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka Mbeya, na simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa kuwa betri hufa upesi katika baridi. Muhimu kuliko simu ni kwenda na mwongozaji wa mahali pale.

Mwanga wa siku

Wanaotoka Dar es Salaam hukosea sana hapa. Mbeya iko magharibi ya kutosha kwa saa ya Afrika Mashariki kutolingana na jua lake: kuelekea mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa 1:00 asubuhi na kuzama karibu saa 12:30 jioni, na mchana wote ni mfupi kwa saa nzima kuliko wa Desemba. Anayepanga kuanza kupanda saa 12:00 asubuhi ataanza gizani. Kwa Kitulo upungufu huo hauna uzito, kwa kuwa safari ni fupi na uwanda hubaki na mwanga mpaka dakika ya mwisho. Kwa Rungwe una uzito mkubwa. Msituni giza huingia karibu saa nzima kabla ya uwandani, na safari ya kwenda na kurudi huchukua saa nane bila ya kupumzika sana. Aanzaye saa 1:30 asubuhi na kugeuka ifikapo saa 7:00 mchana, awe amefika kileleni au hajafika, atatoka msituni kabla ya giza. Tochi ya kichwani iwemo begini kwa kila mtu, si moja kwa kundi zima.

Kinachoonekana

Haki iitendewe Rungwe. Anayekwenda Kitulo mwezi Juni akitarajia maua yaliyoupa uwanda ule jina la Bustani ya Mungu atasikitika. Maua hutawala kati ya Desemba na Aprili, na kipupwe kinapoingia kilichobaki ni nyasi zinazogeuka rangi ya dhahabu, anga pana, na upweke ambao wengine huupenda na wengine huukimbia. Katika msimu huu kinachopendeza Kitulo ni umbali ambao jicho hufika siku isiyo na ukungu.

Msitu wa Rungwe haujali msimu kwa kiwango hicho. Humo anaishi kipunji, tumbili aliyetambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 2005, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa hapa, katika msitu wa Livingstone unaopakana na uwanda wa Kitulo, na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Kumwona ni bahati. Lakini kutembea chini ya miti iliyovikwa kuvumwani, ukungu ukipita katikati ya matawi, ni jambo ambalo Kitulo haiwezi kulitoa, na kwa mtu aliyejiandaa vizuri naona ndiyo safari bora ya hizi mbili. Kilele chenyewe ni kamari: Juni wengi hufika juu na kuona weupe mtupu.

Weupe huo huo humsubiri anayechagua mlima Ngozi kwa kudhani ni njia ya mkato. Njia ni fupi na msitu ni mzuri, lakini watu hupanda kwa ajili ya ziwa lililo ndani ya kreta, nalo wingu likitanda halionekani hata kwa aliyesimama ukingoni. Ngozi ni ya siku iliyotakata, na uamuzi ufanyike asubuhi ile ile.

Kuna chaguo la nne ambalo wakazi wa jiji hulisahau kwa sababu wanaliona kila siku. Loleza, wenye mita 2,656 na minara ya mawasiliano juu yake, hupandwa kutoka mjini kwa nusu siku, na Kilele cha Mbeya, chenye mita 2,800 na ushei, huhitaji siku moja. Safu hii ni kavu kuliko Rungwe na si baridi kama Kitulo usiku, kwa kuwa hakuna anayelazimika kulala juu. Shida yake ni upepo wa kileleni na mteremko mkali wenye mawe yanayosogea. Kwa kujaribu koti jipya, viatu vipya au pumzi zako mwenyewe kabla ya safari kubwa, hakuna mahali pazuri zaidi. Baadaye, kuelekea Agosti na Septemba, nyasi zikishakauka, moto wa porini huwa tishio, lakini Juni bado ni mbichi.

Kuingia na kutoka

Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, chini ya TANAPA, na msitu wa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kote huingiwa kwa kibali, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo asiende mtu na noti mfukoni akitarajia kukatiwa tiketi alfajiri mlimani; mambo hayo yamalizwe siku moja kabla, ofisini.

Usafiri ndio uliobaki, na kwa maoni yangu unastahili kuingia katika uamuzi sawa na baridi yenyewe. Isongole iko kando ya barabara ya lami ambayo daladala na noah za Mbeya na Tukuyu hupita mpaka jioni. Kundi lililogeuka mapema kwa sababu mmoja wao ameanza kutetemeka linaweza kuwa Uyole au Tukuyu, penye zahanati na chakula cha moto, ndani ya muda mfupi baada ya kutoka msituni. Rungwe ni mkali, lakini mlango wake wa kutokea uko karibu. Kitulo hufikiwa ama kwa kupitia Isyonje, ama kwa kupanda kutoka Chimala kuelekea Matamba kwa ile barabara yenye kona 57, na kwa njia zote mbili magari ni machache na mengi hupita asubuhi. Bodaboda zipo, ila saa nzima juu ya pikipiki katika upepo wa jioni ya Juni humaliza joto lililokuwa limebaki, na mikono ya dereva mwenyewe hufa ganzi kwenye breki. Kwa hiyo anayechagua Kitulo akubaliane na mwenye gari kabla, amlipe sehemu ya kwenda tu, na wapatane saa ya kukutana iliyo mapema kuliko anavyofikiri ataihitaji, kwa sababu Matamba na maeneo ya uwandani mtandao wa simu haupatikani kila mahali na dereva asiyekuona saa kumi jioni hana namna ya kujua kama umechelewa au umeshapata lifti ya lori la viazi.